Kuhama kampuni ya gesi Uingereza: ofa tatu, nyumba mbili, na ile "ya daraja bado"

Ukichukua teksi mjini Dar es Salaam kwenda Kigamboni kupitia darajani, utakutana na madereva wa aina mbili. Wa kwanza anakutajia nauli, mnakubaliana, basi. Mkifika getini anatoa hela mfukoni mwake. Wa pili anakutajia nauli iliyo chini kidogo, unajiona umepata, na mkifika getini anageuza shingo: "Bosi, ya daraja bado." Ushuru wa daraja ni uleule kwa wote wawili, ila mmoja aliuhesabu mapema na mwenzake akangoja uwe umeshapanda.

Bili ya gesi ya nyumbani Uingereza nayo ina daraja lake, yaani mtandao wa mabomba. Kila anayekuuzia gesi lazima alipie kupita humo. Wengi wanaweka gharama hiyo ndani ya bei wanayokutajia. Wapo waliozoea kuitoa nje na kuiweka kwenye mstari wake, na mstari huo huonekana ukishahama. Makala hii inawaweka madereva hao upande kwa upande, kwa ajili ya ndugu zetu walioko Leicester, Coventry, Northampton, Milton Keynes na kwingineko ambao kila vuli wanaambiwa "hama, utaokoa". (Wa Belfast mniwie radhi. Huko kwenu msimamizi wa gesi na umeme ni Utility Regulator, si Ofgem, na sheria ni nyingine.)

Anayekuuzia siye mwenye bomba

Hili huwachanganya watu wengi wa kwetu, na wana haki. Tumekulia TANESCO au Kenya Power: nguzo, waya, mita na bili, vyote mlango mmoja. Ukisikia "kampuni ya umeme" unajua unamsema nani.

Uingereza kazi hiyo wameigawa. Kampuni inayokutumia bili haimiliki hata futi moja ya bomba la mtaani kwako. Inanunua gesi soko la jumla, kisha inawalipa wenye mabomba waisafirishe. Mabomba makubwa ya nchi nzima yako chini ya National Gas. Ya mitaani yamegawanywa kati ya kampuni nne: Cadent, Northern Gas Networks, SGN na Wales & West Utilities. Kila moja ina maeneo yake, haina mshindani humo, na kwa sababu hiyo Ofgem ndiyo inayopanga kiasi wanachoruhusiwa kukusanya.

Kwa hiyo unapohama, kinachohama ni jina kwenye bili. Hakuna fundi atakayekuja, mita ni ileile, mwali ni uleule. Ukisikia harufu ya gesi usiku wa manane namba ya dharura inabaki 0800 111 999, uwe unanunua kwa nani.

Mpaka hapo ni rahisi. Ugumu unaanza kwenye mitaa mipya.

Nyumba ya shemeji na nyumba yangu

Shemeji yangu anaishi Leicester, kwenye nyumba ya matofali mekundu iliyobanwa na majirani pande zote mbili, ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Bomba linalopita mbele ya mlango wake ni la Cadent. Akihama muuzaji, hesabu yake ni bei ya uniti, ada ya kila siku, basi.

Mimi niko Milton Keynes, mtaa ambao wazee wa hapa wanaukumbuka ukiwa shamba. Mjenzi alipokuja kupandisha nyumba alihitaji mabomba ya gesi, na sheria inamruhusu kushindanisha kampuni za kumlazia. Aliyeshinda siye mmoja wa wale wanne. Ni kampuni ndogo ya aina inayoitwa IGT, yaani msafirishaji wa gesi anayejitegemea. Zipo kadhaa nchini: GTC, ES Pipelines, Indigo Pipelines na nyingine. IGT inalaza bomba ndani ya mtaa, inaliunganisha na bomba kubwa pale mtaa unapoanzia, kisha inabaki mmiliki na kukusanya ada ya usafirishaji miaka na miaka. Mnunuzi wa nyumba haulizwi. Mimi nilichagua rangi ya makabati ya jikoni, bomba walishanichagulia.

Gesi inayofika kwa shemeji, kuanzia bomba la taifa linapoishia, inapita kwa mwenye bomba mmoja. Inayofika kwangu inapita kwa wawili: mkubwa anaileta mpaka kwenye mdomo wa mtaa, mdogo anaiingiza ndani. Muuzaji wangu anawalipa wote wawili.

Sasa mtu atauliza: je, si lazima nilipe zaidi? Kwa nyumba nyingi, jibu ni hapana. Tangu tarehe 1 Januari 2004 Ofgem ina utaratibu unaofunga bei ya IGT kwenye bei ya mtandao mkubwa. Kwa maneno ya mtaani: wanakadiria nyumba kama yako ingetozwa kiasi gani kama bomba lote lingekuwa la mkubwa, wanatoa kile ambacho mkubwa anatoza kuifikisha gesi mdomoni mwa mtaa, na kinachobaki ndicho IGT anachoruhusiwa kutoza. Jumla ya mafungu mawili inakaribia fungu moja la shemeji. Miaka ikipita bei hizo zinaweza kuachana kidogo, lakini zimewekewa sakafu na dari ili zisikimbiane.

Kama jumla inakaribiana, nyongeza ilitoka wapi?

Sehemu ya jibu ni mitaa iliyounganishwa kabla ya 2004, ambayo bei zake hazikufungwa kwa utaratibu huo. Kwa hiyo wauzaji walikuwa na nyumba ambazo kweli ziliwagharimu zaidi. Sehemu nyingine ni kazi ya karani. Nyumba za mitandao mikubwa zilikuwa kwenye daftari moja la taifa, linaloendeshwa na Xoserve, na za IGT kila kampuni ilikuwa na daftari lake. Muuzaji mwenye wateja kwenye mitandao sita ya IGT alikuwa na madaftari sita ya kufuatilia. Wengine waliamua kuwagawia wateja hao gharama hiyo, kwa peni chache kila siku, na wapo wauzaji wadogo ambao hawakutaka kabisa kuchukua nyumba za IGT.

Tarehe 1 Juni 2017 daftari la IGT liliunganishwa na lile kubwa. Kwa maoni yangu, tangu siku hiyo kisingizio cha makaratasi kimekwisha. Muuzaji anayetaka kuitoza nyumba ya 2010 "kwa sababu ya mtandao wako" anastahili kuulizwa maswali mawili matatu kabla hajapewa saini.

Mimi yalinikuta kabla ya hapo. Nilihama mwaka 2011, nikafurahia bei, nikamringia na shemeji. Bili ya kwanza ikaja na mstari wa tatu chini ya uniti na ada ya siku, wenye neno la usafirishaji na kiasi cha peni kwa siku. Nilipopiga simu niliambiwa kipo kifungu kwenye masharti. Na kweli kilikuwapo, ukurasa wa kumi na kitu. Kuvunja mkataba kulikuwa na ada kubwa kuliko nyongeza ya miezi iliyobaki, kwa hiyo nikanyamaza, nikalipa mpaka mwisho. Shemeji hakunyamaza. Alinikumbusha kila Krismasi.

Kwanza jijue uko upande gani

Usiende kwa umri wa nyumba peke yake. Ipo mitaa mipya iliyolazwa mabomba na wale wanne, na zipo nyumba za miaka ya mwisho ya tisini zilizo kwenye IGT.

Chukua bili yako ya gesi utafute namba inayoitwa MPRN. Hiyo ni namba ya nyumba kwenye daftari la gesi. Si namba iliyochongwa kwenye mita, na watu wengi huzichanganya. Ikiwa MPRN yako ina tarakimu 10 na inaanza na 74, 75, 76 au 77, uko kwa IGT. Ikianza vingine, uko kwa mkubwa. Huna bili kwa sababu umehamia jana? Ipo huduma ya bure mtandaoni iitwayo Find My Supplier. Ukiingiza anwani inakuonyesha muuzaji wa sasa, MPRN na mwenye bomba.

Kwa umeme pia kuna mgawanyo kama huu. Namba ya umeme inaitwa MPAN, na tarakimu zake mbili za mwanzo zikiwa kati ya 10 na 23 uko kwa msambazaji wa kawaida wa mkoa. Zikiwa 24 au zaidi, uko kwa msambazaji anayejitegemea.

Na kama una ghorofa jipya lisilo na mita ya gesi kabisa, ila maji ya moto yanatoka kwenye mtambo mmoja wa jengo zima, hii si makala yako. Joto la jengo huwezi kuhama muuzaji wake.

Ofa tatu upande kwa upande

Twende kwenye hesabu. Ofa A ni bei halisi: ile ya kawaida inayopanda na kushuka, iliyo chini ya kikomo cha bei cha Ofgem, kwa robo ya Oktoba hadi Desemba 2025, kwa anayekatwa benki kila mwezi. Wastani wake ulikuwa peni 6.29 kwa uniti (kilowati-saa) na peni 34.03 kwa siku. Ofa B na C ni za kufungwa mwaka mzima, nimezibuni mimi ili hesabu ionekane, kwa hiyo usizitafute sokoni. Zote zina VAT ya asilimia 5 ndani.

| | Ofa A: kawaida, chini ya kikomo | Ofa B: ya kufungwa, "nafuu" | Ofa C: ya kufungwa, ya wastani |
|---|---|---|---|
| Uniti | peni 6.29 | peni 5.90 | peni 6.15 |
| Ada ya siku | peni 34.03 | peni 32 | peni 33 |
| Nyongeza ya IGT | hakuna | peni 12 kwa siku | hakuna |
| Ada ya kuvunja mkataba | hakuna | pauni 50 | pauni 25 |
| Uniti 11,500 kwa mwaka, bila nyongeza | pauni 848 | pauni 795 | pauni 828 |
| Uniti 11,500, pamoja na nyongeza | pauni 848 | pauni 839 | pauni 828 |
| Uniti 7,500, bila nyongeza | pauni 596 | pauni 559 | pauni 582 |
| Uniti 7,500, pamoja na nyongeza | pauni 596 | pauni 603 | pauni 582 |

Uniti 11,500 ndicho kiasi ambacho Ofgem ilikitumia kwa robo hiyo kama matumizi ya kaya ya kati kwa mwaka. 7,500 ilikuwa kaya yenye matumizi madogo.

Angalia safu ya B. Kwa shemeji, ambaye MPRN yake haianzi na 74, 75, 76 wala 77, nyongeza haimhusu. Ataokoa kama pauni 53 akitoka A, na B ndiyo bora kwake bila ubishi. Kwangu, ofa hiyohiyo, siku hiyohiyo, tovuti hiyohiyo, inaniachia pauni 9. Na kwa jirani yangu mtaa uleule, mama anayeishi peke yake na kuwasha joto la chumba kimoja, B inamgharimu pauni 7 zaidi ya kubaki alipo. Amehama ili apate hasara.

Kinachofanya hivyo ni kwamba nyongeza inakwenda kwa siku, haijali umewasha au umezima. Peni 12 kwa siku ni pauni 43.80 kwa mwaka, na anayetumia gesi kidogo ana uniti chache za kufidia. Wazee, wanafunzi, wanaofanya kazi zamu mbili na nyumbani hawashindi, hao ndio mstari wa tatu unawauma zaidi, na mara nyingi ndio haohao wanaoishi kwenye vyumba vipya vidogo vya IGT.

Jambo moja dogo ambalo watu hulipita: uliza kama hizo peni zimetajwa kabla au baada ya VAT. Peni 12 kabla ya kodi ni pauni 45.99 kwa mwaka. Si pesa ya kuuza ng'ombe, lakini kwenye mfano wetu pauni mbili ni karibu robo ya kile nilichokuwa naokoa.

A: kikomo kinakulinda na nini hasa

Kikomo cha bei kilianza tarehe 1 Januari 2019, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2018, na tangu Oktoba 2022 kinabadilishwa kila miezi mitatu. Watu husikia redioni "kikomo ni pauni 1,755" (ndicho kilichotajwa kwa robo hiyo, gesi na umeme pamoja, kwa kaya ya kati) wakadhani hakuna bili inayoweza kuvuka hapo. Sivyo. Kinachofungwa ni bei ya uniti na ada ya siku. Ukitumia sana utalipa sana.

Kwa hoja yetu, uzuri wa kikomo uko kwingine. Viwango vyake vinatofautiana kwa mkoa (ipo 14), kwa namna unavyolipa, na kwa aina ya mita ya umeme. Hakuna kiwango cha pekee cha IGT. Muuzaji aliyekuweka kwenye bei ya kawaida lazima akutoshee ndani ya kikomo cha mkoa wako hata kama bomba lako ni la nani. Hawezi kusema "kikomo, na ya daraja juu yake".

A pia haina ada ya kuvunja mkataba. Unaingia leo, unatoka wiki ijayo. Ubaya wake unaujua: Januari ikija na bei mpya, nawe unakwenda nayo.

Ukihamia nyumba mpya leo bila kusaini chochote, gesi inawaka na tayari una muuzaji, yule wa mwenye nyumba aliyekutangulia au wa mjenzi. Huo ni mkataba wa kudhaniwa, nao hauna ada ya kuvunja. Usikimbilie kusaini na wa kwanza anayebisha hodi. Soma mita siku ya kuchukua ufunguo, piga picha, halafu tulia wiki moja ujijue MPRN yako.

B: lini inafaa

Sitaki ionekane namsingizia kila anayeuza bei ya kufungwa. Ofa kama B inafaa kabisa kwa nyumba iliyo kwenye mtandao mkubwa, na hata kwa nyumba ya IGT yenye familia kubwa. Mwenye watoto watano na bibi anayetaka joto mchana kutwa, akitumia uniti 17,000, anaokoa kama pauni 30 dhidi ya A hata baada ya nyongeza. Ila kwenye mfano wetu C inamfaa karibu sawasawa na B, tofauti ni kama pauni mbili tu kwa mwaka, na C haimpi mstari wa kubishania.

Leo nyongeza ya wazi si mtindo wa kila muuzaji. Wengi wameimeza ndani ya bei kama yule dereva wa kwanza. Lakini ofa za kufungwa haziko chini ya kikomo, hivyo kilichoandikwa kwenye masharti ndicho kitakachokufunga. Kabla ya kusaini muuzaji anatakiwa kukufahamisha masharti makuu ya mkataba, bei zikiwemo. Humo ndimo mwa kutafuta, na neno la kutafuta si "nyongeza". Tafuta "IGT", tafuta "transporter", tafuta "third party", tafuta sentensi inayosema muuzaji "anaweza" kukutoza gharama za mtandao. Lile "anaweza" lichukulie kama "atafanya" mpaka uandikiwe vingine.

Tovuti za kulinganisha bei nazo zina kasoro yao. Ukiweka postikodi tu, tovuti inajua mkoa wako lakini haijui bomba lako. Nyumba mbili za postikodi moja, moja ya zamani pembeni ya barabara na nyingine ndani ya mtaa mpya nyuma yake, zinaweza kuwa na wenye mabomba tofauti. Chagua anwani kamili, na ikiruhusu, andika MPRN.

C: ile isiyo na mbwembwe

C haiko juu ya orodha. Ukipanga tovuti kwa "nafuu kwanza" inakaa ya pili au ya tano, na wengi hawashuki huko. Lakini kwa nyumba ya IGT yenye matumizi ya kati au madogo ndiyo iliyoshinda kwenye jedwali letu, kwa sababu moja: bei iliyotajwa ndiyo bei yote. Ada yake ya kuvunja ni nusu ya B.

Ada hizo za kuvunja zina mlango wa kutokea. Siku 49 za mwisho wa mkataba wa kufungwa muuzaji haruhusiwi kukutoza kwa kuondoka. Na mwanzoni una siku 14 za kubadili mawazo. Mimi hizo siku 14 nazitumia hivi: nikishasaini, naomba kwa maandishi makadirio ya mwaka ya gharama zangu, nayapiga hesabu mwenyewe kwa uniti zangu. Hesabu ikinigomea, najitoa kabla hazijaisha.

Tukiwa hapo, uniti zako ni ngapi? Usichukue 11,500 kwa sababu Ofgem imesema. Bili ya mwaka inakuonyesha ulichotumia. Kwa nyumba mpya kabisa kuwa mwangalifu: kiasi cha mwaka kilichoandikwa kwenye daftari mwanzoni ni makadirio, hakuna aliyekwisha kuishi humo. Muuzaji mpya akikikuta kikubwa, atakupangia makato ya benki makubwa. Hiyo si nyongeza ya mtandao, ni hela yako inayokaa kwake, lakini Desemba mfukoni inauma vilevile. Tuma usomaji wa mita kila mwezi mpaka makadirio yakae sawa.

Mengine, kwa haraka

Wapangaji: kama bili inakuja kwa jina lako na unamlipa muuzaji mwenyewe, una haki ya kuhama. Mwenye nyumba mfahamishe kwa adabu, maana mkataba wenu unaweza kutaka urudishe mambo kama yalivyokuwa ukitoka.

Mita ya kulipia kabla, ile inayofanana na LUKU ya nyumbani, si adhabu kama zamani. Aprili 2024 Ofgem ilisawazisha ada za siku, na siku hizi kikomo cha mita hizo kiko chini kidogo ya kile cha kukatwa benki. Anayeumia sasa ni yule anayesubiri bili ije ndipo alipe: kwake kikomo kwa mwaka kiko juu kwa zaidi ya pauni 100. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko nyongeza yoyote ya IGT niliyoitaja hapa, kwa hiyo kama bado unalipa hivyo, anzia huko.

Deni: ukiwa unadaiwa kwa zaidi ya siku 28 kwenye mita ya kawaida, muuzaji wa sasa anaweza kukuzuia usihame. Wa mita ya kulipia kabla wanaweza kuhama na deni lisilozidi pauni 500 kwa gesi, na lingine kama hilo kwa umeme.

Nyongeza ikishaingia kwenye bili bila kutajwa mwanzoni, lalamika kwa muuzaji kwa maandishi. Usihangaike na IGT, wewe huna mkataba naye wa bei. Wiki 8 zikipita bila suluhu, au ukipewa barua kwamba wamefika mwisho, peleka kwa Energy Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko ya nishati, bure. Citizens Advice watakusaidia kupanga hoja. Na kama muuzaji anakuja leo kudai nyongeza aliyosahau kuitoza kitambo, kumbuka hawezi kurudi nyuma zaidi ya miezi 12 kwa gesi ambayo hakuwahi kukutoza ipasavyo, ikiwa kosa si lako.

Mimi nilivyoamua

Vuli iliyopita shemeji alihama tena. Alichukua ofa ya juu kabisa ya orodha, akamaliza kwa simu akisubiri chai ichemke, na alifanya sawa. Nyumba yake inamruhusu. Siku hizi kuhama hukamilika ndani ya siku 5 za kazi, na Jumatatu iliyofuata alikuwa na muuzaji mpya.

Mimi niliruka ya kwanza na ya pili, nikapiga simu kwa ya tatu. Nilimsomea dada wa simu MPRN yangu tarakimu moja moja, nikamwuliza: "Kwenye namba hii kuna malipo yoyote mbali na uniti na ada ya siku, sasa au katikati ya mkataba?" Akasema ngoja niangalie. Nikawekewa muziki, nikaosha vyombo vyote vya jioni, muziki ukarudia mara ya pili. Akarudi: hakuna.

"Naomba uniandikie kwenye barua pepe, dada."

Akacheka kidogo, akaniuliza tahajia ya jina langu, akaandika. Ilipoingia ndipo nilipobonyeza kukubali.